Mafiga ya Mama

Neema mjukuu wangu,

Bwana akulinde na baridi ya huko Buffalo. Sisi hapa Louisville tunapumua tu. Mjomba wako bado yuko Columbus, na maboksi anayobeba kule depo ya mizigo yamemmaliza mgongo.

Uliniuliza kwenye simu: "Koko, Wamarekani walipojaribu mabomu ya atomiki walipima upepo, nyumba, hata mbuzi. Ninyi mliokaa kule Katanga, karibu na mgodi wa urani ya mabomu hayo, nani aliwapima?"

Bon, nikujibu. Nilikuwa msichana. Mama alikuwa ameokota mawe matatu pale mgodini, mazuri, yenye michirizi ya manjano, akayafanya mafiga. Siku moja akaja mzungu na kimashine cha kupima mionzi. Alipofika jikoni kwetu kikalia kama mtoto mchanga. Mama alikuwa na mimba, amechuchumaa anasonga bukari, ugali wetu. Mzungu akarudi nyuma, akaita watu wake wenye glavu. Wakaipua sufuria, wakayafungia mawe yetu ndani ya sanduku la chuma, wakaondoka nayo. Hakuna aliyemwelekezea Mama kile kimashine. Hakuna aliyetuambia neno.

Yaliyofuata siyaandiki. Unajua mwenyewe kwamba sina ndugu wa tumbo moja.

Donc, mawe ndiyo yaliyopimwa. Nimeomba mpaka nimezeeka nielewe kwa nini, na sijaelewa. Lakini kinachoninyima usingizi si yule mzungu. Ni Mama, alivyokasirika kwamba bukari haijaiva, akakaza kitenge chake, akarudi palepale mgodini kuokota mafiga mengine.

Ni mimi, Koko wako.