Suti Nyembamba ya Mwalimu Rudana

Nusa Penida, Septemba

Kwa Kaka Gede,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha Mama kiwe kimetulia sasa ukungu wa ziwani unapopungua. Mpe Shemeji mkono wangu, na watoto pia, mmoja mmoja. Mimi sijambo. Vitunguu vilifika vikavu, na wenzangu wamevisifu mpaka vimekwisha. Nisamehe kwa kutokuja nyumbani kwa sikukuu ya Galungan. Nilikwambia wageni ni wengi. Hawakuwa wengi.

Kwenye simu uliniuliza tena kama ni kweli, kama nilivyokusimulia mwanzo, Mwalimu Rudana alikataa suti nene ya mpira akataka kuzamia kama kijana. Ulisema chumba chenu cha walimu kizima kilicheka, na kwamba akiingia na sweta lake wanamwambia, "Leo umekumbuka nguo, Mwalimu?" Nilicheka pamoja nawe. Sasa nataka nikueleze ilivyokuwa.

Watu wakisikia Bali hudhani maji yote ni ya kuogea. Juu ni kweli. Kwenye matumbawe ya kina kifupi suti yenye unene wa milimita tatu inatosha, na wengine huvaa mbili. Lakini kuanzia Julai maji baridi ya chini kabisa hupanda kwenye ghuba zetu, na hayo ndiyo yanayomleta mola, yule samaki mpana kama mlango ambaye watu humfuata huku. Unashuka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha unayaona mbele yako yakitetemeka kama hewa juu ya jiko. Ukipita hapo ni nyuzi kumi na tisa. Tena mpira wa suti hubanwa na kina, kwa hiyo ile tatu ukiwa huko chini si tatu tena. Msimu huu mtu avae tano, na kofia ya kufunika masikio na shingo. Akiwa mzee mwembamba, aongeze fulana ya mpira ndani. Hakuna kiongozi wa wazamiaji kisiwani asiyejua hayo.

Mimi hapa huitwa Blanketi, kwa kuwa nimetoka mlimani kwetu Kintamani. Msimu wangu wa kwanza nilivaa tano. Kadek Suwitra, kiongozi mwenzangu, akaniuliza mbele ya mashua nzima kama nimekuja kuzamia au kulala. "Blanketi, mto umeuacha wapi?" Tangu siku hiyo navaa tatu, hata Julai, na natetemeka kimya kimya. Baadaye wakaanza kusema kwamba sasa nimekuwa mtu wa pwani. Nilipenda kusikia hivyo.

Mwalimu alikuja likizo ya shule. Alijifunza kuzamia uzeeni, baada ya kufiwa na mkewe, na alitaka kumwona mola. Tulishuka yeye na mimi, wote tukiwa na tatu. Mola alikuwa chini ya ule mpaka wa baridi, tukamfuata. Mwalimu alimtazama kidogo tu, kisha nikaona mapovu yake yanatoka mfululizo. Mtu akipigwa na baridi huvuta hewa kama anakimbia. Geji yake ya hewa ilikuwa inashuka haraka. Nilimpandisha. Mita tano chini ya uso wa maji ilitupasa tusubiri, mwili utoe gesi taratibu, lakini hewa yake ilikuwa imekwisha. Kipumulio changu cha akiba nilishindwa kukifungua, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Tukatoka bila kusubiri.

Kadek ndiye aliyetuvuta mashuani. Alivua suti yake ili amfunike Mwalimu, na ndani ya ile suti nyembamba alikuwa na fulana nzima ya mpira. Nilimkodolea macho. Akasema, "We vipi? Ulidhani mimi ni samaki?"

Gatini mguu wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa hausikii, kwa ile gesi iliyobaki mwilini. Alivushwa hadi hospitali ya Denpasar, akatibiwa kwenye chumba cha shinikizo la hewa. Mguu umerudi, na daktari amemwambia akipumzika vya kutosha anaweza kuzamia tena. Lakini hapakuwa na mashua ya kumchukua. Mama Widiasih, mwenye duka letu la kuzamia, aliwatumia wenye mashua wote ujumbe kwamba mzee huyu wa Kintamani haambiliki, wasihangaike naye. Aliandika hivyo kwa sababu ya maneno yangu. Palepale gatini aliniuliza nani alimchagulia Mwalimu suti, nikamjibu kwamba nilimpa tano akaikataa.

Kaka, Mwalimu hakukataa. Asubuhi ile dukani aliichukua tano mwenyewe na kuniomba kofia. Kadek alikuwa mlangoni. Akasema, "Haya, Blanketi, baba yako kaja!" Watu wakaangua kicheko. Nikaichukua ile suti mikononi mwa Mwalimu, nikaitundika, nikampa tatu. Nilimwambia kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba sisi tunaoga ziwani alfajiri, baridi ya huku itatufanya nini. Akasema, "Mwenyeji ni wewe, Nengah," akaivaa.

Na niliposema uongo wangu gatini, alikuwa amelala miguuni petu, na kifuniko cha oksijeni usoni. Mama Widiasih alimgeukia. Mwalimu akakisogeza kile kifuniko, akasema ni kweli, yeye ni mbishi. Nikamwacha aseme.

Juma lililopita nilimweleza Mama Widiasih kila kitu. Amenitoa kwenye uongozi, sasa najaza mitungi, na amewaandikia wenye mashua upya. Kisha nilimpigia Mwalimu. Hakunikaripia. Alisema alijua niliogopa kuchekwa, maana amefundisha vijana wengi. Akaniuliza jambo moja tu, kama shuleni wanajua.

Hawajui, na mimi ndiye niliyewapa kile kicheko kupitia kwako. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi. Tafadhali, siku walimu wote wapo, na Mwalimu Rudana ameketi mahali pake, wasomee barua hii. Usiwaambie kwa maneno yako, utanionea huruma utapunguza. Ya Mama na ya vitunguu ruka ukitaka. Mengine yasome kwa sauti, usisimame mpaka ufike chini kwenye jina langu, na ulitaje lote.

Msalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Wasalimie na majirani. Nakutakia afya na utulivu, wewe na nyumba yako.

Mdogo wako,
I Nengah Suardipa