Nyuzi Nyembamba za Luzmila

Luzmila,

Juane za wali ziko mezani, bado zimefungwa majani yake. Mpashie mama yako moja. Sufuria ndogo usiipikie chai, nimechemshia nyuzi.

Sasa wewe. Asubuhi nimeshika gitaa nijiandae kwa dansi la leo, kila noti inapanda kupita mahali pake. Nikadhani masikio yangu yamekufa. Kumbe nyuzi zangu nene ziko kwenye taka, umenifungia nyembamba kama nywele. Mkono wangu umezoea kukandamiza. Hizi zinapinda tu. Sauti imekonda kama ya mbu. Nani Pucallpa hii atacheza cumbia ya mbu?

~~Kabla sijarudi jioni, tafuta nene mpya.~~ Acha. Najua umeniona nikiloweka vidole kwenye maji ya moto. Na leo nimepiga wimbo mzima, havikuuma. Nene zinanipa sauti, zinanila vidole. Nyembamba zinaniachia vidole, zinaninyima sauti. Sijui nishike lipi, mwanangu.

Nimetangulia uwanjani na hizi zako. Watakaocheka wacheke.

Zile nene nimezichemsha zikapata uhai, nimezitundika msumarini zikusubiri wewe. Vidole vyako bado vizima.

Baba