Ni Mimi Niliyesema Uko Kikwe

Eli ndugu yangu,

Nimekaa kwenye banda letu la video hapa Tengeru, mabenchi matupu, nakuandikia, karatasi nimeiweka juu ya ile spika mbovu. Maiki inaning'inia msumarini. Sijaigusa tangu tukuzike.

Unaikumbuka ile tamthilia ya nje, ya mwandishi wa habari na waziri mwizi? Uliileta mwenyewe kwenye flashi, ukaniambia, "Zakayo, hii itafsiri vizuri, humu ndani kuna kazi yangu." Nikashika maiki, wale wazungu nikawapa majina ya kwetu kama kawaida. Waziri nikamwita Mzee wa Mfereji, maana yule bwana uliyekuwa unamwandika gazetini, aliyegeuza maji ya watu yaende shambani kwake, alifanana naye mpaka kitambi. Mwandishi nikamwita Eli. Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Na wewe mlangoni, mdomo umejaa mahindi: "We Zaka, utaniua wewe!"

Halafu watu wa yule bwana wakaanza kukutafuta kweli. Ukajificha kwa shangazi yako Kikwe. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Jumamosi ile ya gulio banda lilifurika. Kwenye tivii mwandishi anakimbia, risasi zinamfuata. Mama mmoja akapiga kelele, "Anakimbilia wapi huyo?" Mwingine akadakia, "Zaka, tia chumvi bwana, mbona leo umepooza!"

Mdomo wangu ukatangulia. Nikasema, "Eli huyooo! Anakata migomba, anaenda Kikwe kwa shangazi, analala zizini na ng'ombe!"

Banda zima kicheko. Wanaume wawili wa benchi la nyuma hawakucheka. Wakainuka, wakatoka, na episodi haijafika hata nusu. Niliwajua. Ni watu wa yule bwana. Ningezima tivii, ningekupigia simu, ungekuwa umeshavuka mto. Sikuzima. Watu walikuwa wananishangilia, Eli.

Nilipofika Kikwe, onyesho limeshaisha, ulikuwa umelala kwenye samadi. Panga lilikupasua kuanzia sikioni mpaka begani. Mkono wako wa kuandikia waliukata kwenye kiwiko wakautupa kwenye hori, ng'ombe akaunusa, akarudi nyuma. Taya halikuwa mahali pake. Shangazi alikinga panga kwa kiganja. Vidole vyake viwili niliviokota mimi kwenye majani, nikavifunga kwenye leso, sijui hata kwa nini. Na wewe ulizoea kuniambia steringi wa picha hafi. Nilikutikisa. Wallahi nilikutikisa, mimi Mlutheri, nikasubiri uamke.

Maji ya mfereji hayajarudi. Kahawa ya shangazi imekauka. Wale wawili wakipita hapa wananipiga bega: "Kaka Zaka, wewe mwenzetu bwana, bila wewe tungezunguka sana." Wananicheka hivyo hivyo, mchana kweupe. Wateja wananiuliza tamthilia iliishaje. Sijui. Sijaiangalia.

Ila shangazi yako ndiye anayenimaliza. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananipa ndizi, kwa ule mkono wa vidole vitatu. Anasema, "Kula mwanangu, wewe ndiye uliyebaki." Halafu ananiuliza lile swali lake, miaka miwili sasa. "Zakayo, hivi ni nani aliwaambia?" Naangalia viatu. Nasema, "Mungu ndiye anajua, shangazi."

Zile ndizi nazila, Eli. Nazila.

Kesho ni Jumapili. Akiniuliza, namjibu. Hapo hapo nje ya kanisa, watu wakisikia, kwa mdomo huu huu. Akinipiga, haki yake. Akinitemea mate, haki yake. Kutoka hapo naenda polisi, nawataja wale wawili kwa majina waliyopewa na mama zao, na aliyewatuma namtaja. Watakachonifanya nakijua, nilikiona zizini.

Pumzika, ndugu yangu. Nakwenda. Na safari hii sitii chumvi.

Zakayo