Fina Mwenye Vidole Kumi

Wewe unayesoma hapa, nakuomba kabla ya mengine yote: yaishie kwako. Usiyatume kwenye kikundi chochote cha simu, usimsomee dada yako kwa sauti, usiyapige picha. Najua ni ajabu kuomba siri mahali ambapo kila mtu anaweza kufungua. Lakini mnaonisoma ni wachache, na karibu wote tulisoma pamoja au tulisali pamoja. Nawategemea. Kuna mzee anaweza kufukuzwa kazi kwa haya, na baada yake mimi.

Majina ya watu nimeyabadilisha. Majina ya sokwe nimeyaacha, maana hapo ndipo shida ilipoanzia.

Alhamisi, saa saba mchana. Mvua inapiga mabati ya ofisi tangu asubuhi. Wenzangu wameenda kula, mimi nimebaki. Nina hasira, na hasira ya mtu mwoga ni kitu kibaya. Haina pa kwenda.

Wengine mnajua kwamba mimi ni karani kwenye bustani ya wanyama. Kazi yangu ni karatasi: nani amezaliwa, nani amekufa, nani ameletwa, nani amepelekwa wapi. Kila mnyama ana karatasi yake ngumu tunayoiita fishi. Fishi za ndege na za mamba hazinisumbui. Za sokwe ndizo zinazoninyima hamu ya kula. Sokwe anaishi muda mrefu kuliko kazi ya karani mmoja, na ukoo wake unaandikwa na mikono mingi ya watu wasiojuana.

Nilipoanza kazi mwaka jana niliambiwa niingize fishi zote kwenye kompyuta. Nikakuta mbili za Fina. Ya kwanza, kuukuu, ilisema: Fina, jike, aliletwa kutoka kaskazini akiwa mchanga. Ya pili ilisema: Fina, jike, mama yake ni Mado. Nikatafuta fishi ya Mado. Ilisema: Mado, jike, mama yake ni Fina.

Fina amemzaa Mado, Mado amemzaa Fina. Nilicheka peke yangu. Nikasema karani wa zamani alikuwa amelewa, kwa sababu haiwezekani mama azaliwe na mtoto wake. Nikaweka fishi kuukuu, nikaitoa ile ya pili kama nakala yenye makosa, nikasahihisha ukoo, nikatia saini. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona karani hodari.

Na nyumbani kwetu mama anazaliwa na mtoto wake kila siku.

Nina jina la mama yake baba. Kwa hiyo baba yangu ananiita "mama". Baba mdogo, mtu mwenye mvi kichwa kizima, akija kwetu, mtaa wa Annexe, anasimama mlangoni na kuuliza, "Mama, leo umetupikia nini?" Binamu zangu wanaambiwa waniachie kiti, bibi amefika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba nina miaka tisini. Jina limerudi, mtu ni mwingine. Hilo nalijua tangu sijaota meno. Lakini mbele ya kompyuta, na diploma yangu, nililisahau kabisa.

Papa Kalenga ndiye aliyetoa jina. Ni mtunza sokwe, mtu wa upande wa Kasomeno, na yuko hapa tangu kabla sijazaliwa. Fina wa kwanza alipokufa, binti yake Mado alikuwa na mimba. Mado akazaa jike, na Papa Kalenga akampa mtoto jina la bibi yake, kama watu wote wanavyofanya. Kifo cha bibi hakukiandikisha. Kwake yeye, kuandika "Fina amekufa" wakati Fina mdogo bado ananyonya ni kumtakia mtoto mabaya.

Kwenye kompyuta yangu, basi, bibi na mjukuu wakawa mtu mmoja. Nilisema mtu. Niliache neno hivyo hivyo. Fina akawa na miaka hamsini na sita.

Mkurugenzi alifurahi sana. Aliweka kibao: "Bibi Fina, sokwe mzee kuliko wote nchini." Hakuna aliyeshuku, kwa sababu sokwe anayetunzwa vizuri kizimbani anaweza kweli kupita miaka hamsini. Fina wa leo, kwa hesabu ya Papa Kalenga, ana kama kumi na tisa. Anaruka kutoka tairi hadi tairi. Ana meno meupe mpaka unamwonea wivu.

Hayo yote niliyajua Jumatatu tu. Siku hiyo aliletwa Roje.

Roje ni mtoto wa mwisho wa Mado. Alipelekwa bustani nyingine, mbali, akiwa bado mdogo, na sasa amerudishwa kwa sababu huko hawana tena nafasi ya sokwe. Dume zima, mabega kama mlango. Walipomshusha, Papa Kalenga alisimama mbele ya kizimba cha Fina akamwambia, "Fina, ndugu yako amerudi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwa karatasi yangu, Fina ni bibi yake.

"Papa, huyu si mjukuu wake?"

"Mjukuu ya nani? Mado njo alizalaka bote babili."

"Na Fina aliyeletwa kutoka kaskazini?"

"Ule alikufaka, mwana yangu. Uyu ni majina yake tu." Kisha akaniangalia vizuri. "Njo weye uliandika kama uyu ni muzee? Na ile meno unaona? Unazani alinunua?"

Nilienda chooni nikakaa huko muda mrefu.

Kwa sababu Mkurugenzi ameshaamua. Bibi amzoeze mjukuu, wakae pamoja, wageni wafurahi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita hana habari ya kuzaa tena. Jumamosi hii, mbele ya walioalikwa, mlango kati ya vizimba viwili utafunguliwa.

Ni dada na kaka, tumbo moja. Na dada ni kijana.

Jumanne nilienda kutafuta ile fishi niliyoitoa. Karatasi zetu zisizo na kazi tunampa Mama Vero anayeuza karanga getini. Anazikunja kuwa vifuko. Nilimwomba anionyeshe zilizobaki, nikazipekua moja moja, watu wakinisubiri nyuma kwa mstari.

"Unatafuta nini, mama? Barua ya bwana?"

"Fishi, Mama Vero. Ya Fina. Ngumu, ya njano."

"Ya njano? Ile ilikuwaka muzuri, inasimama yenyewe! Bantu balikula karanga, balitupa. Inaisha zamani."

Basi. Ushahidi pekee wa ukoo wa sokwe mzima ulibeba karanga, ukatupwa njiani.

Leo asubuhi niliingia kwa Mkurugenzi. Nilikuwa nimeandika sentensi kumi na moja kwenye karatasi. Nilisema tatu. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alinikalisha, akanisikiliza, akavua miwani.

"Mademoiselle, fishi iko na saini ya nani?"

"Yangu, Patron."

"Jumamosi niseme nini mbele ya bageni? Karani wangu ni muongo, ao miye njo muongo? Chagua."

"Nilikosea, Patron. Daktari wa wanyama akimwangalia meno tu..."

"Daktari anakuya mwezi ujao. Leta kitu ya kuonyesha. Karatasi, picha, kitu. Maneno ya Papa Kalenga haiko karatasi."

Akavaa miwani. Nikajikuta mlangoni nikisema asante. Asante ya nini? Tangu asubuhi najiuliza.

Nilipita kwenye kizimba. Fina amevimba nyuma, nyama ya waridi, kama sokwe jike anavyokuwa akiwa tayari kwa dume. Haifichiki. Kulikuwa na wanafunzi chini ya miavuli, wanasoma kibao na kuanguka kwa kicheko.

"Kambo, bibi yetu! Miaka makumi tano na sita, acha ujana!"

"Anangoja bwana, muache!"

Fina akamrushia mmoja wao ganda la kiazi, likampata shavuni. Upande wa pili wa mlango Roje alikuwa amekaa karibu na vyuma, kimya, akinusa. Huko alikolelewa hakuna aliyemwonyesha dada yake. Mwenye kazi ya kuonyesha hilo ni karatasi. Karatasi ni mimi.

Papa Kalenga alikuwa anaosha ndoo.

"Ulimuambia?"

"Nilimwambia. Anataka picha."

Mzee alicheka mpaka ndoo ikamwagika. "Picha! Bantu ba Lubumbashi bote balipigaka picha na Fina ya kwanza! Komunyo, ndoa, yote. Banakuya na mpigapicha, banasimama hapa, Fina anatosha mukono inje ku vyuma. Mukono ya kushoto. Kidole moja hakuna, mutego ya pori ilimukataka bado mutoto."

Nilimgeukia Fina. Alikuwa ameshika vyuma kwa mikono yote miwili. Nilihesabu mara mbili. Kumi.

"Papa, Jumamosi ni kesho kutwa. Nitapata wapi picha?"

Aliangalia kufuli ya ule mlango wa kati, halafu akaangalia mvua. "Ile kufuli ni ya zamani. Na mvua ya hii wiki, inaweza kukamata kutu. Inaweza kukataa kufunguka siku kumi. Miye ni muzee, sina nguvu ya kuvunja."

"Watakufukuza."

"Banifukuze. Nani ataingia kumupa Fina chakula? Weye?"

Ninawaogopa sokwe, na yeye anajua.

Kwa hiyo tuna siku kumi za kutu. Mzee ameziweka mezani bila kutetemeka, na mimi hata kuomba picha naomba nikiwa nimejificha. Nimechoka kuwa hivi. Kosa ni langu, saini ni yangu. Picha ikipatikana nitaipeleka kwa Mkurugenzi mwenyewe, na nitasema sentensi zote kumi na moja.

Fungua albamu za kwenu. Tafuta picha za komunyo na za ndoa zilizopigwa mbele ya vyuma. Angalia mkono wa sokwe wa kushoto. Kama kidole kimoja hakipo, unaye Fina wa kwanza, na mimi nakuhitaji.

Usinipigie simu. Usiandike maoni hapa chini. Njoo mwenyewe, saa za asubuhi, siku yoyote ndani ya hizi kumi isipokuwa Jumamosi. Dirishani nunua tiketi kama mgeni yeyote na usiulize jina langu. Pita kwa Mama Vero, nunua karanga ukipenda, ila usimwambie kitu, anapenda kucheka na watu. Shuka njia ya kulia mpaka kwa sokwe. Utamwona mzee mwenye buti za kijani na ndoo mbili. Muulize, "Papa, uyu ni Fina wa ngapi?" Wageni wanaosoma kibao hawawezi kuuliza hivyo. Akikujibu "wa pili", mwambie, "Miye niko na wa kwanza." Atakuleta kwangu kwa mlango wa nyuma.

Lete picha yoyote uliyonayo, hata iliyofifia, hata ile ambayo mama yako aliificha kwa sababu alifumba macho. Sitamtazama yeye. Nitahesabu vidole tu.