Akafungua kwa Mkono Wake

Dada yangu Theopista, uliyetutangulia,

Juzi nimeiona ile picha ya Kihindi, ile ya binti wa sari ya njano aliyefukuzwa na baba yake, mvua na mlango wa bluu. Mwanangu Upendo ameipata kwenye simu, ina maandishi ya Kiswahili chini. Dada, yule baba hakufungua. Picha inakwisha binti kaondoka zake na mvua, mzee kabaki ndani, mkono kwenye komeo.

Nikacheka mpaka machozi.

Unaukumbuka mwaka ule baba aliponifukuza kwa sababu ya mimba, nikaenda kukaa kwa shangazi, kule Mkula. Ninyi mlikuwa mmehamia shamba, Namawala, kuamia ndege wasile mpunga. Wewe ulikuwa umetoka kuiona picha hiyo kwenye kibanda cha video Ifakara, na kama kawaida yako ukaisimulia dunguni, juu ya kichanja chetu, huku ukizungusha kombeo. Mama ndiye aliyekuja kuniambia. Anasema baba alijifanya hasikii, akikukemea uache uongo wako wa Kihindi, kweleakwelea wanamaliza mpunga. Ulipofika pale binti anapogonga mlango ukanyamaza, ukaanza kugonga makopo kufukuza ndege. Ukamwacha hivyo hivyo, mpaka akashindwa mwenyewe, akauliza:

"Kwa hiyo akafungua?"

"Akafungua, baba. Kwa mkono wake."

Kesho yake akapanda basi, likakwama tope njiani, akafika Mkula suruali imechafuka mpaka magotini. Nilimpa shikamoo nikiwa nimepiga magoti. Akaitikia marahaba, akaniambia nifunge mzigo, ndege ni wengi na watu wa kuwaamia hawatoshi. Hakuongeza neno jingine juu ya jambo lile mpaka anaingia kaburini. Ila mtoto alizaliwa nyumbani kwetu, na jina la Upendo alilitoa yeye.

Upendo anasema picha hizi watu wanazililia mpaka Urusi na Nigeria, na Kihindi hawakijui. Mimi sikushangaa. Wewe ulikuwa unajua neno gani? Ila mzazi mwenye hasira ulimjua, na mtoto aliyesimama nje ulimjua.

Nilijiuliza kama ulitenda dhambi kumdanganya mzazi. Nilipiga magoti kanisani muda mrefu, nikainuka moyo wangu mweupe. Ulimsimulia baba habari za mzee ambaye hata kwenye picha hayumo. Akaenda akawa yeye.

Upendo aliniuliza mbona nacheka mahali ambapo watu wanalia. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Asubuhi akaniambia anataka kwenda parokiani kuwaombea misa, wewe na babu yake, majina yenu yasomwe pamoja. Ameshayapeleka.

Pumzika, dada. Mimi niko nyumbani.

Mdogo wako,
Mama Upendo