Turbo ya Gari la Hospitali

Mwanangu,

Hatujambo kiasi. Paa la jikoni limeacha kuvuja. Ila turbo ya gari, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, imekufa, na fundi anasema mpya ni ghali kuliko gari lenyewe. Kosa ni langu. Kila nilipomfikisha mama yako hospitali nilizima injini papo hapo, bila kuiacha ingurume kidogo ipoe, nikihangaika kumshusha.

Nilimwambia fundi afunge mpya, liwalo na liwe. Mama yako akanishika mkono.

"Mzee wangu, usilitengeneze. Mimi kule sirudi tena."

Fundi bado sijampigia kumwambia aache. Siku za kliniki bado anavaa viatu vya kutokea, anakaa kidogo, halafu anavivua.

Panda basi lolote, mwanangu, umkute.

Baba yako