Variateri ya Kupanda, Si ya Kukimbia

Jumamosi, katikati ya mvua. Ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika saa za salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, tu ili tusipate kisingizio cha kutofyeka majani ya serikali, kisha ikaendelea. Mikono yangu inanuka oili. Mgongo unauma. Moyo haujatulia, na sitaki utulie bado.

Leo nimemkatalia shemeji yangu mbele ya watu.

Nimeandika sentensi hiyo peke yake ili niitazame vizuri.

Mimi ni mkunga. Zahanati yetu iko ng'ambo ya daraja la Tshopo, kwenye barabara ya Bengamisa, na wanawake ninaowahudumia wametawanyika katika vijiji vya kandokando yake. Mume wangu Amisi alipofariki mwaka jana aliniachia mama yake, ambaye ninaishi naye vizuri, na pikipiki ndogo, mobileti ya buluu tuliyoinunua pamoja, yeye kwa mshahara wake wa ualimu na mimi kwa wangu. Nilijifunza kuiendesha Amisi akiwa bado hai, kwenye uwanja wa shule yake, na watu walicheka mpaka wakachoka. Suruali tumekatazwa na serikali sisi wanawake. Basi nakunja kitenge juu ya magoti, nakifunga kwa kamba, naondoka. Anayetaka kutazama na atazame.

Shida yangu ni mlima mmoja wa udongo mwekundu kabla ya kufika zahanati. Nikiwa peke yangu mobileti inaupanda kwa kukohoa. Nikiwa na mtu nyuma, haipandi.

Mwezi uliopita nilikuwa nimembeba Mama Botike, uchungu umeshamshika. Katikati ya mlima injini ikalia, mkanda ukateleza, tukasimama. Alishuka. Nikasukuma mobileti, na yeye akatembea nyuma yangu, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye kiti. Mtoto alizaliwa majanini, kilele tunakiona. Ni wa kike, mzima, ana sauti ya muuza samaki. Kila anayesikia habari hiyo anacheka na kumshukuru Mungu. Mimi pia nilishukuru. Lakini nilipiga magoti kwenye zile nyasi zenye maji, na najua jinsi ilivyokuwa karibu kuisha vibaya.

Ndiyo maana nikaenda kwa Papa Litoko, fundi wa mtaa wa Mangobo, mtu mnene anayependa kusema kuliko kusikiliza. Alifungua kifuniko cha pembeni akanionyesha. Variateri ni ile puli ya mbele, kwenye injini. Ndani yake mna gololi. Injini ikizunguka kwa kasi, gololi zinasukumwa nje, puli inajibana, mkanda unapanda juu, na mobileti inapata mwendo lakini inapoteza nguvu. Gololi zangu zilikuwa zimelika na puli imechimbika, kwa hiyo mkanda ulikuwa unakwama juu. Mobileti yangu ilikuwa inaupanda mlima ikidhani iko kwenye lami. Na ambreyaji, inayoishika injini na kuiachia kwa springi zinazoitwa resori, ilikuwa imelika hadi ikawa laini kama kisigino cha ndara.

Vyote viwili vibadilishwe, akasema. Vya kiwandani haviji tena. Kuna vile tu ambavyo wafanyabiashara wanaleta, kwa ndege ya Kinshasa au kwa malori ya kutoka mashariki, yale yanayopita Bafwasende. Ni juu yangu kuchagua.

Kabla sijachagua, shemeji Kalume akanichagulia.

Kalume ni mdogo wake Amisi. Anafanya kazi ofisini mjini na ana sauti ya mikutano. Alikuja nyumbani na kifurushi cha gazeti, akakifungua mbele ya mama yake: variateri ya alumini inayong'aa kama sufuria ya sikukuu, na ambreyaji yake. Akasema ni zawadi kwa heshima ya marehemu kaka yake. Machozi yalinitoka. Mama mkwe alimbariki. Ndugu waliopita siku zile wote walioneshwa, na wote wakasema shemeji kama huyo ni bahati.

Leo, baada ya salongo, nikaipeleka kwa Papa Litoko aifunge.

Alizitoa gololi, akazipima kiganjani, akatikisa kichwa. "Mama Feza, iyi ni ya kukimbia. Haiko ya kupanda. Gololi zake ni nzito, zitasukuma mukanda juu mbio. Na ambreyaji yake iko na resori nguvu, haishike mupaka injini ilie. Na mama wa mimba kwenye matope? Itaruka sawa mbuzi."

Nikamwambia labda shemeji hakujua.

Papa Litoko akafuta mikono kwenye kitambaa. Akasema, "Semeki yako, ule Kalume, alipita hapa juzi. Alisema nikimaliza kufunga, niinue kiti kwa kipimo yake, nitoe na ile chuma ya nyuma ya kubebea watu. Alisema wewe unaacha kuendesha. Bon, mi nilizani mulipatana."

Hatukupatana.

Nilikaa kwenye gogo lake la wateja, nikaangalia ile alumini. Ilinichukua muda mfupi sana kuelewa, na hicho ndicho kinachoniuma: jinsi ilivyokuwa rahisi. Kwanza anatia kipande chake. Kisha kila mtu ameona kipande chake. Kisha mobileti inakuwa ya familia, na familia ni yeye. Hakuhitaji kuninyang'anya. Ilitosha nishukuru.

Nikamuuliza Papa Litoko ana nini kingine.

Akaingia ndani akatoka na variateri nyeusi ya chuma, nzito, mbaya, iliyokuja na lori. Gololi zake ni ndogo na nyepesi, hazina haraka ya kusukuma, kwa hiyo mkanda unakaa chini na nguvu inabaki. Ambreyaji yake ina viatu vipana, vile vipande vya kushikia, na resori laini; inashika mapema, taratibu, bila kuruka. Akanionya kama daktari: kwenye lami hutampita mtu, hata baiskeli zitakutukana. Na petroli itaisha upesi zaidi, kwa sababu injini itakuwa inahangaika muda wote.

Nikafikiria hilo la petroli, maana petroli yenyewe ni ya kuwinda mjini. Nikafikiria pia barabara nzuri ya uwanja wa ndege, na upepo, na jinsi nilivyopenda kwenda mbio Amisi alipokuwa nyuma yangu akinishika kiuno na kuniomba nipunguze. Siwezi kusema sikuitamani ile ya kung'aa. Niliitamani.

Nikasema, funga ile nyeusi. Niliilipia mwenyewe.

Alikuwa anakaza nati ya mwisho Kalume alipofika, mwavuli mkononi. Kulikuwa na wateja wengine wamejikinga mvua, watu wanaotufahamu. Alitazama mobileti, kisha alumini yake kwenye gazeti.

"Mama Feza, donc unakataa zawadi ya familia?"

"Nakataa, shemeji. Nashukuru, lakini nakataa."

Akacheka kuwaonyesha watu kwamba ni jambo dogo. Akasema mimi ni mkunga, si fundi, na kwamba mwanamke mjane juu ya mobileti analeta maneno. Halafu akaacha kucheka. "Iyi mobileti ilikuwa ya ndugu yangu."

"Ilikuwa ya watu wawili," nikamwambia. "Mumoja angali muzima."

Nilichukua kile kifurushi, nikakifunga vizuri, nikampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima. Alikipokea kwa sababu hakuwa na la kufanya na mikono yake. Akasema kesho mchana familia itakaa kwake, na huko nitajieleza. Nikasema nitakuja.

Akafungua mwavuli akaondoka.

Alipoondoka, nikamwambia Papa Litoko apande nyuma. Akadhani natania. Nikamwambia tumbo lake ni kubwa kuliko la mama wa mapacha, na mimi siwezi kwenda kujaribu na mama mwenye mimba. Wateja wakamsukuma apande. Tukavuka daraja la Tshopo mvua ikitupiga usoni, baiskeli mbili zikatupita na mwendeshaji mmoja akanipigia kengele kwa dharau. Papa Litoko alikuwa ananielekeza kila kitu hadi tulipofika chini ya mlima. Hapo akanishika mabega.

Nilitia gesi kidogo. Ambreyaji ikashika polepole, bila kuruka. Injini ikapandisha sauti, nikasubiri ile sauti ianguke kama ilivyoanguka siku ile. Haikuanguka. Tulikuwa tunakwenda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani, matope yanatushika, gurudumu la nyuma linacheza kidogo, lakini tunapanda. Tukapita pale majanini alipozaliwa yule mtoto. Tukapita kilele. Sikusimama hadi mlango wa zahanati, na hapo nikalia, na Papa Litoko akajifanya anaangalia mkanda.

Jioni nilimweleza mama mkwe kila kitu. Kalume ni mwanawe wa kumzaa. Mimi ni wa kuletwa tu. Nilimwambia kuhusu kiti, kuhusu chuma ya nyuma, kuhusu kesho. Aliendelea kuchambua sombe, yale majani ya muhogo, jani baada ya jani.

Halafu akauliza, "Inaweza kutubeba wawili?"

Nikamwambia inaweza.

Ameshatoa kitenge chake cha kutokea, amekitandika kitini ili mikunjo iishe. Mimi sijui wazee watasema nini. Wakisema niitoe mobileti, nitawaambia hapana, kwa adabu, na nitawaambia tena wakirudia. Kisha nitampandisha mama mkwe nyuma yangu, turudi nyumbani polepole.